Mama Huruma Ananunua Mashine ya Kuchomelea

Mama yangu mkubwa anaitwa Agnes, ila ukifika Mkunya ukamuulizia Agnes watakuuliza Agnes yupi. Sema Mama Huruma, hapo hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akupeleke mpaka mlangoni. Ana miaka arobaini na tisa, ana mikorosho ekari nne, ana mume anaitwa Cyril anayependa utani kuliko chakula, na binti mmoja, Huruma, yuko chuo Mtwara. Mimi ni Cecilia, mtoto wa mdogo wake. Nilipomaliza fom foo mama akanitoa Tandahimba akanileta huku nikae na mamkubwa, eti nisishinde na simu. Simu nimekuja nayo.

Sasa mamkubwa ana kitu kimoja, hawezi kuona kitu kinatengenezwa akapita. Miaka mitatu nyuma waliweka mlango wa chuma kwenye stoo. Fundi Abdulrazaki alikuja na mashine yake ya koili, zito hilo, lilishushwa na wanaume watatu. Mamkubwa akapindua ndoo, akakaa siku mbili anaangalia. Fundi akamwambia, "Mama, hayo macho utayalilia," akampa ngao yake ya ziada, ile ya kushika mkononi yenye kioo cheusi. Anasema alipochungulia kila kitu kilizimika, kikabaki kidoa kimoja kinang'aa, na ndani yake chuma kinachemka polepole kama uji. Basi akawa amenaswa. Mpaka leo tukienda kanisani anasimama kwenye mageti ya watu, anapitisha kidole kwenye maungio, anasema, "Huyu hapa aliharakisha." Mwenye geti anatoka anadhani tumekuja kudai kitu.

Nikamuuliza, "Mamkubwa, unataka kuwa fundi?"

"Fundi wa nini na umri huu? Nataka kujua tu."

Nafasi ikaja Oktoba iliyopita. Watoto wa Bibi Maria, yaani mamkubwa, mama yangu na kaka yao mkubwa, mjomba Nikolao wa Masasi, walikuwa wamechanga wakamnunulia Bibi tanki la lita elfu moja la kukinga maji ya bati. Bibi ana miaka sabini na nane, nyumba yake imepakana na ya mamkubwa, na maji ya bomba yakikata ananunua kwa ndoo. Tanki likaja, likalazwa uani, kuku wakahamia ndani. Kilichobaki ni stendi ya chuma ya kuliweka juu, ili ndoo ienee chini ya bomba na Bibi asiiname.

Jumapili moja wakakaa kwa Bibi, ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, iko mezani. Mjomba akasema, "Fundi wa mjini Newala kanipa bei. Laki nne na nusu, chuma chake, kazi yake. Wiki moja."

"Nipeni mimi hiyo laki nne na nusu," mamkubwa akasema.

"Uifanyie nini?"

"Ninunue mashine na vifaa, nichomelee mwenyewe. Stendi mtapata, na mashine itabaki."

Mjomba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Agnes, hiyo ni tani moja ya maji, na mama atakuwa anakinga ndoo hapo chini. Si kigoda hicho. Umewahi kuchomelea nini wewe?"

"Bado."

"Aliwahi kuchoma maandazi," Baba Huruma akadakia. Tukacheka wote, na mamkubwa pia.

Bibi ndiye hakucheka. Akasema, "Mpeni. Huyu akiwa darasa la tano alifungua redio ya marehemu baba yenu akairudishia."

"Na iliimba tena, mama?" Baba Huruma akauliza.

"Iliimba. Stesheni moja tu, lakini iliimba."

Mjomba akachukua tena kikombe chake. Halafu akasema, "Sawa. Lakini mvua ya kwanza ikikuta tanki liko chini, nakuja na usafiri, nachukua mashine naiuza Masasi, na stendi anatengeneza fundi. Usije ukalia."

"Sitalia."

Mjomba hatanii kwenye mambo kama hayo. Na mvua huku huanza kusumbua mwishoni mwa Novemba, kwa hiyo tulikuwa na wiki kama sita.

Hapo ndipo simu yangu iliyokuwa inatukanwa kila siku ikapata heshima. Mamkubwa mwenyewe akaninunulia bando! Tukawa jioni tunakaa barazani tunaangalia video za kuchomelea, Wahindi, Wachina, Wakenya, mzee mmoja wa Brazili hatujui anasema nini ila mkono wake umetulia vizuri mno. Nilijaza kurasa sita za daftari.

Swali la kwanza lilikuwa koili au hizi ndogo za kisasa. Koili linadumu, likiharibika fundi yeyote analisuka upya. Lakini linakula umeme, na umeme wa kwetu saa moja jioni kila mtu akiwasha TV taa zinakuwa kama mshumaa. Zile ndogo za kisasa ni nyepesi, unabeba begani kama mkoba, zinavumilia umeme mdogo. Ubaya wake ni vumbi, likiingia ndani kadi ya umeme ikafa, imekufa.

"Mkunya na vumbi," Baba Huruma akasema, "si mtainunulia na chandarua?"

"Nitaishonea mfuko," mamkubwa akajibu. Na kweli alishona, wa kitenge.

Swali la pili lilikuwa namba. Mashine zote za bei rahisi zimeandikwa ampea mia mbili hamsini, mia tatu, mpaka mia nne, na ukubwa wake boksi la viatu. Nikamtumia voisi fundi Abdulrazaki. Akajibu, "Mdogo wangu, hiyo namba imeandikwa na mtu wa rangi, si mtu wa umeme. Muulize muuzaji inachoma rodi ngapi, vile vijiti vya kuchomelea vya geji kumi, mfululizo bila kuzima. Akikwambia hajui, na wewe toka hujui." Mamkubwa akanifanya nicheze hiyo voisi mara nne.

Tukaenda Masasi. Mjomba hatukumpitia, mamkubwa hakutaka macho ya mtu. Duka tuliloingia ni la Abdulkadiri, kijana mnene ana kalamu sikioni. Akatuona tu akavuta mashine kubwa nyekundu.

"Mama yangu, chukua hii. Hii unachomelea mpaka daraja."

"Daraja silihitaji. Ile ya juu kule?"

"Ile ya kuchezea, mama. Ya watoto."

"Basi ndiyo yangu, mimi ndiyo kwanza nazaliwa. Ishushe."

Akaishusha, pamoja na ya pembeni yake. Mamkubwa hakuangalia namba, akaanza kuvuta nyaya zake. Ya rahisi kabisa ilikuwa na nyaya fupi, mita moja na kitu, nyembamba kama za pasi. Iliyofuata kwa bei ina nyaya za mita tatu, nene, na koleo lake la ethi, lile la kung'ata chuma, linabana mpaka likamwumiza kidole. Tofauti elfu thelathini. Akakaa anazipima mkononi moja moja kama anapima samaki.

"Hii inachoma rodi ngapi za geji kumi mfululizo?" akauliza.

Abdulkadiri akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia dari. "Kama nane hivi, halafu inataka ipoe," akasema.

"Iwashe niione."

"Mama, nikiiwasha si mpya tena."

"Na isipowaka, je, itakuwa mpya?"

Akacheka, akaipeleka uani akaichomeka, akachoma rodi moja mbele yetu. Mamkubwa akachukua hiyo ya nyaya nene.

Kwenye macho hakubana. Kulikuwa na ngao ya kushika ya elfu nane na kofia inayojitia giza yenyewe ya elfu arobaini na tano. Mimi kwa huruma ya bajeti nikamnong'oneza achukue ya elfu nane. Akanijibu kwa sauti, duka zima likasikia, "Mkono mmoja unashika rodi, wa pili unashika ngao, chuma anashika nani? Wewe?" Akachukua kofia, na glavu za ngozi za kufika kiwikoni. Na rodi akafungua pakiti akaanza kuzitoa moja moja, iliyobanduka unga wake anaweka pembeni.

"Mama, unachagua kama mchicha," Abdulkadiri akasema.

"Mchicha ukiwa mbaya namwaga. Hizi zikiwa mbaya mama yangu anakinga maji chini ya tani moja."

Tukaongeza grenda ya bei ya chini, diski za kukatia, nyundo ya kugongea magamba ya juu ya mshono, brashi ya waya ya mkono, kopo la rangi ya kuzuia kutu. Hela ikawa inaisha. Mwisho kabisa Abdulkadiri akaweka juu ya kaunta brashi ya waya ya duara kama kikombe. "Na hii, elfu tisa. Unaifunga kwenye grenda, inasugua kutu mpaka chuma kinacheka."

"Mikono ninayo," mamkubwa akasema, akairudisha. Kumbukeni hiyo brashi.

Abdulkadiri alivyoona tunafunga mzigo akaingia nyuma akatuletea mfuko wa vipande vya engo, vile vyuma vya kona, vilivyobaki kwenye kukata. "Vya mazoezi hivyo, mama. Sikudai." Kijana mzuri yule, ila bei zake za diski ni wizi.

Mtauliza, sasa chuma cha stendi kiko wapi? Hapo ndipo mahesabu ya mamkubwa yalipokuwa. Chuma kipya kingemaliza hela yote kabla ya mashine. Lakini kwenye stoo yao kulikuwa na rafu za chuma za zamani, engo nene ambazo siku hizi hupati, za tangu Baba Huruma alipokuwa anatunza salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ya kikundi chao cha wakulima. Miaka kumi na moja mifuko ya salfa ilikaa juu ya zile rafu. Kikundi kikahama, rafu zikabaki. Zilitosha stendi na zaidi.

Wiki mbili za kwanza alifanya mazoezi kwenye vile vipande vya Abdulkadiri. Asubuhi tu, umeme ukiwa na nguvu. Siku ya kwanza rodi zilikuwa zinanata kwenye chuma kama ulimi kwenye barafu, anavuta, anazungusha, mashine inanguruma. Jirani yetu Stamili akapiga kelele ng'ambo ya ua, "Mama Huruma! TV yangu inakonyeza!" Siku ya nne zikaacha kunata. Siku ya nane akanyoosha mstari wa sentimita kumi, akagonga magamba, chini yake kukatokea vijikunjo vimelaliana sawasawa kama mshono wa cherehani. Akanipa nishike. Kilikuwa bado cha moto, nikapiga kelele, akacheka mpaka akakaa chini. Kile kipande alikiweka juu ya kabati, pembeni ya picha ya harusi.

Mimi nilichungulia mara moja bila kioo, mara moja tu. Nilishinda siku nzima kama nimemwagiwa mchanga machoni. Sitawaeleza zaidi.

Basi katikati ya Novemba akakata zile rafu, akazipangusa kwa kitambaa, akazipitishia brashi ya mkono juu juu pale kwenye kutu, akaanza stendi yenyewe. Mguu wa kwanza na mhimili wake. Moshi ukawa mwingi kuliko siku zote, tukakohoa, tukahamia upande wa upepo. Akamaliza, akagonga magamba.

Jamani. Kiungo kilikuwa na matundu kama chapati ya maji. Na wakati tunakiangalia kinapoa tukasikia *tik*. Ufa umepita katikati ya mshono, toka mwanzo mpaka mwisho, umenyooka kama umepigwa rula.

Akasaga, akarudia. Tik. Akapandisha umeme wa mashine, tik. Akaushusha, tik. Akapiga na nyundo, mguu ukatoka mzima ukaanguka.

"Rodi zimeingia unyevu," nikasema, maana niliona kwenye video. Tukazikausha juu ya jiko la mkaa kwenye sufuria la kukaangia korosho, saa nzima. Tukarudia. Matundu yale yale, ufa ule ule. Akachukua kipande cha Abdulkadiri kilichobaki, rodi ile ile, mashine ile ile, mkono ule ule, akachomelea. Safi! Mshono wa cherehani!

Akavua kofia akakaa juu ya ndoo. "Basi ni chuma," akasema. "Chuma cha zamani kimechoka."

"Chuma kinachoka?" Baba Huruma akauliza.

"Sijui, Cyril. Na kingine sina hela ya kununua."

Mimi sijazoea kumwona amekaa bila kushika kitu. Mikono imekaa tu mapajani, glavu bado amevaa.

Jumapili iliyofuata mjomba akaja na mkewe, Kulwa. Kulwa kwao Shinyanga, ameolewa huku miaka mitatu, bado akila ming'oko anaangalia kwanza. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa Ruvuma. Mjomba akapita moja kwa moja uani, tanki liko chini, kuku wanatoka ndani. Akaokota ule mguu, akauangalia ufa.

"Agnes."

"Bado nina siku, kaka. Hujasema tarehe, umesema mvua."

"Nimesema mvua, na mvua hiyo hapo unaiona. Nakuja Jumamosi na guta la mizigo."

"Subiri nikuonyeshe kitu. Angalia kipande hiki, halafu uangalie hiki." Akavaa kofia, akachomelea kipande cha rafu mbele yake ili aone kwamba mkono hauna kosa. Moshi ukapanda. Kulwa, aliyekuwa amekaa na Bibi mbali kidogo, akapiga chafya. Ya pili, ya tatu. Macho yakamtoka maji.

"Wifi," akasema huku amejiziba na khanga, "kwani mnachoma salfa ya nini?"

Tukamwangalia.

"Salfa gani?" mamkubwa akauliza.

"Salfa! Hamsikii hiyo harufu? Kama mtu kawasha viberiti boksi zima."

Baba Huruma akavuta hewa. Mimi nikavuta hewa. Sikusikia kitu, naapa. Maana hebu fikiria, toka Juni mpaka Agosti watu wote huku wanapulizia mikorosho, salfa iko kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye mkate. Mgeni ndiye anayeisikia. Sisi tumezaliwa humo. Mamkubwa akavua glavu, akapitisha kidole ndani ya kona ya engo, kule kitambaa kisikofika. Kidole kikatoka na njano.

"Miaka kumi na moja," Baba Huruma akasema polepole. Mara ya kwanza namsikia anasema kitu kisicho na utani.

Nikamtumia fundi Abdulrazaki picha na voisi. Alijibu kabla chai haijaisha. "Toba! Mama, salfa na weldi ni maadui wakubwa. Ikiingia kwenye chuma kikiwa maji, kikianza kuganda katikati hakishikani, kinapasuka chenyewe. Na huo moshi wake mtaumia vifua. Osha, halafu sugua mpaka chuma kiwe cheupe. Kwenye kona hasa. Rangi ya njano ukiiona hata kidogo, usiwashe."

Mjomba alisikia yote. Akachukua kofia yake. "Jumamosi," akasema. Hakubadilisha kitu.

Sasa ile brashi. Jumatatu asubuhi mamkubwa akaenda mjini Newala akainunua, elfu kumi na mbili badala ya tisa. Aliniambia bei kabla sijauliza, akaongeza, "Na usicheke." Mimi kazi yangu ikawa kuosha, vipande ishirini na sita, kwa sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Na kuosha kunataka maji, na bomba wiki hiyo lilikuwa kavu. Bibi akatuma ndoo zake mbili alizonunua. Mamkubwa akakataa.

"Mama, hayo ni ya kunywa."

"Nitakunywa ya kwako ukimaliza," Bibi akasema, akarudi ndani.

Tuliosha Jumatatu, mamkubwa akasugua Jumanne na Jumatano uani, pua na mdomo tumefunga vitambaa, mpaka chuma kikawa kama kijiko kipya. Palipokuwa na vishimo vya kutu alivichimba na diski. Alasiri hiyo ya Jumatano akachomelea kiungo kimoja tu, cha majaribio. Akagonga magamba. Tukainamisha masikio wote watatu kusubiri tik. Kikapoa. Kimya. Baba Huruma akapiga nyundo mara kumi na mbili, nimehesabu, mpaka engo yenyewe ikapinda, kiungo kikabaki.

"Sasa nasikia njaa," mamkubwa akasema.

Alhamisi akasimamisha miguu. Ijumaa saa nne yakaja manyunyu, akazima mashine kwenye soketi, tukaifunika na kile kifuko cha kitenge tukasubiri chini ya upenu. Umeme na maji hakuna cha ujasiri hapo. Dakika ishirini yakakata, tukasubiri chini pakauke, akaendelea. Saa kumi jioni akamaliza kiungo cha mwisho. Stendi ya mita moja kwenda juu, miguu minne, mihimili ya kukingama pande zote, na juu mbao nne nene.

Jumamosi asubuhi tukasikia guta linakuja. Mjomba akashuka, Kulwa nyuma yake, na dereva.

"Jana ilinyesha," mjomba akasema, hata shikamoo yangu hajaitikia.

"Ile mvua? Hata vumbi halikulala!" mamkubwa akasema. "Muulize mama kama alikinga hata kikombe."

"Marahaba," akaniitikia mimi, halafu akaizunguka stendi. Akaitikisa. Akaegemea. Akapitisha kidole kwenye kila kiungo, kumbe hiyo tabia ni ya familia. "Inaonekana. Lakini kuonekana si kubeba. Nitajuaje?"

"Lita moja kilo moja," nikasema. "Tani moja ni gunia kumi na tatu za korosho, kama kila moja ni kilo themanini."

Kwa bahati ilikuwa msimu, korosho zilikuwa bado ndani zinasubiri kwenda ghalani. Mamkubwa alikuwa na gunia tisa, Bibi mawili, mawili tukaazima kwa Stamili wa TV. Mjomba, Baba Huruma na dereva wa guta wakaanza kupandisha. Mamkubwa alisimama pembeni, mikono nyuma, anaangalia chini kwenye viungo, si kwenye magunia. Gunia la saba. La nane. Kwenye la kumi kukalia *krii*.

Kila mtu akaganda. Dereva gunia liko begani, hajui alishushe au akimbie.

Mamkubwa akapiga magoti, akaingiza kichwa mpaka karibu na mguu. "Agnes, toka huko!" mjomba akapiga kelele. Hakutoka. Akaangalia viungo vyote upande ule, akanyoosha mkono akagonga ubao mmoja. "Ni mbao. Imejikalia. Leteni."

La kumi na moja, la kumi na mbili, la kumi na tatu. Mjomba akasema tuongeze. Hakuna gunia lingine, akapanda mwenyewe juu, akamwita na Baba Huruma. Wakakaa kule juu kama wagombea wako kwenye jukwaa.

"Wananchi!" Baba Huruma akaanza.

"Shuka, mjinga wewe," Bibi akasema.

Tuliyaacha magunia mpaka mchana. Miguu haikupinda, hakuna tik, hakuna ufa. Mamkubwa akapaka rangi ya kutu akiwa hasemi kitu, ila alikuwa anapiga mluzi, na yeye huwa hapigi mluzi. Mjomba akaangalia guta alilokodi toka Newala, akaangalia magunia. "Hela ya guta nimeshatoa," akasema. "Pakieni korosho ziende ghalani." Basi guta lililokuja kuchukua mashine likaondoka na magunia, na mawili ya Stamili juu yake.

Jumapili tukafukuza kuku, tukaosha tanki, wanaume wakalipandisha.

Mvua ilishuka Jumanne mchana, ile yenyewe, ya kishindo. Mimi na mamkubwa tukakimbia kwa Bibi kuona maji yanavyoingia. Tukakuta Bibi kalitoa lile bomba la kutoka kwenye bati kwenda tankini, kaligeuzia pembeni, maji yote yanamwagika uani!

"Mama! Unayamwaga!" mamkubwa akapiga kelele.

"Ya kwanza hayo," Bibi akasema, amesimama mlangoni na khanga kichwani. "Acha ioshe bati. Bati lote lina salfa."

Mamkubwa akatazama bati, akatazama stendi. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika mguu wa stendi. "Mama, si ungeniambia mapema kwamba salfa inashika kwenye bati miezi yote hiyo?"

"Hukuniuliza," Bibi akasema. "Ulikuwa unaiuliza simu."

Baada ya nusu saa Bibi akaturuhusu turudishe bomba. Tukasikiliza maji yanaingia, kwanza kama ngoma, baadaye yakatulia jinsi yanavyopanda. Mamkubwa akachuchumaa chini ya stendi, sikio kwenye kiungo cha mguu wa kwanza, kile kilichomtesa. Alikaa hapo mpaka mvua ikakata. Kesho yake asubuhi Bibi alitoka mwenyewe, akaweka ndoo chini ya bomba bila kuinama, ikajaa, akachota kikombe akampa mamkubwa anywe wa kwanza.